Gramafoni Ilivyofika Nairobi

Gramafoni ya HMV namba 102 ilianza kuuzwa mwaka 1931. Ni sanduku la kubebwa kwa mkono, limevalishwa kitambaa kigumu kinachoiga ngozi. Ukiinua kifuniko unakutana na picha ya mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya tarumbeta, na kwenye kona kuna kitrei kidogo cha sindano. Hakuna waya wala betri. Unachomeka mpini ubavuni, unauzungusha hadi springi ikaze, unaachia breki, na sahani inaanza kuzunguka mara 78 kwa dakika.

Anayeitazama ile chapa ya mbwa atasema hiki ni kitu cha Mwingereza, na ni kweli kilitoka kiwanda cha Hayes, magharibi mwa London. Ila gramafoni haikuwahi kuwa ya nchi moja, tangu siku yake ya kwanza. Na ilipofika kwetu, ikapanda reli kutoka Mombasa na kuenea Nairobi hadi vitongoji vya magharibi, Dagoretti na Riruta ambako leo kuna mtaa wa Satellite, ilikuwa tayari imepitia mikono ya Wajerumani, Wamarekani, Waswisi na Wahindi. Baadaye ikapitia mikono ya Waswahili pia. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1877 Thomas Edison alitengeneza mashine ya kunasa sauti kwenye silinda iliyofungwa karatasi ya bati. Ilikuwa ajabu kubwa, lakini silinda ilikuwa taabu kuitolea nakala. Miaka 10 baadaye, Emile Berliner, Mjerumani wa Hanover aliyehamia Marekani akiwa kijana, alipata hataza ya njia nyingine: sauti ichorwe kwenye sahani bapa. Sahani ina faida moja iliyoamua mambo yote yaliyofuata. Ukishaichora mara moja, unaweza kuitengenezea kalibu ya chuma, na kwa kalibu hiyo ukakandamiza nakala maelfu. Hapo sauti ikawa bidhaa ya kuuzwa dukani sawa na sabuni.

Lakini Berliner hakuanza na muziki wa heshima. Gramafoni za kwanza kuuzwa zilitengenezwa Ujerumani mnamo 1889 na 1890, katika mji wa Waltershausen, na kiwanda cha Kämmer & Reinhardt kilichojulikana kwa wanasesere. Zilikuwa vitu vya watoto kuchezea, zikizungushwa kwa mkono, na sahani zake ndogo zilikuwa za mpira mgumu. Anayezungusha akichoka, mwimbaji naye alichoka. Akiongeza kasi, sauti ilipanda juu. Dawa ilitoka Camden, New Jersey, kwa fundi mitambo aliyeitwa Eldridge Johnson. Mnamo 1896 aliiwekea gramafoni mota ya springi inayokwenda kwa mwendo ulio sawa. Ndani ya mota hiyo kuna vijiuzito vitatu vilivyofungwa kwenye vyuma vyembamba. Mhimili ukizunguka kasi mno vinatanuka na kuvuta kisahani kinachogusana na kipande cha ngozi, na mwendo unapungua. Ukizunguka polepole vinarudi ndani na kuuachia. Fundi wa saa akikifungua kifaa hicho leo atakielewa papo hapo. Johnson ndiye aliyeanzisha kampuni ya Victor mwaka 1901.

Suala la mpira lilibaki. Ulikuwa ukivimba na kujikunja, na mifereji ya sauti ikafa. Mwaka 1895 watu wa Berliner walikigeukia kiwanda cha vifungo vya nguo huko Newark, ambacho kilikuwa kikitumia mchanganyiko wa shelaki. Shelaki ni utomvu unaoachwa na wadudu wadogo mno kwenye matawi ya miti, hasa katika misitu ya India: Chota Nagpur, Bengal, Assam. Wanakijiji walikwangua matawi, wakaosha, wakayeyusha, wakatandaza utomvu kuwa majani membamba ya rangi ya kahawia. Ndio uliotiwa pia kwenye lakiri ya kufungia barua za serikali. Ukichanganywa na unga wa mawe, masizi na nyuzi za pamba, ukapashwa moto na kukandamizwa, unatoa sahani ngumu, nyeusi, inayovunjika ikianguka. Kwa zaidi ya nusu karne muziki wa dunia nzima, uwe wa Milan au Cairo, ulisimama juu ya mate ya mdudu wa Kihindi. Na Marekani ilipokatiwa shelaki na vita mwaka 1942, serikali yake iliyapunguzia makampuni ya sahani mgao wa malighafi hiyo kwa kiasi kikubwa.

Kampuni ya gramafoni ya London ilianzishwa Aprili 1898. Tazama jinsi ilivyogawanywa: vipande vya mashine vilitoka kwa Johnson, Camden, sahani zilikandamizwa Hanover, katika kiwanda cha jamaa za Berliner, London ilikuwa na ofisi, duka na chumba cha kurekodia. Mei 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika kwenye uwanda wa majimaji ulioitwa Nairobi. Mwaka huohuo, huko London, mchoraji Francis Barraud aliiuzia kampuni hiyo picha ya mbwa wake Nipper, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshakufa. Picha ya awali ilimwonyesha mbwa mbele ya mashine ya silinda, na Barraud akaombwa aifunike kwa rangi na kuchora gramafoni mahali pake; ndiyo iliyokuja kuwa chapa ya mbwa ya HMV. Alilipwa pauni 50 kwa picha na 50 nyingine kwa haki zake.

Mwaka 1902 fundi wa kurekodi wa kampuni, Fred Gaisberg, alifika Calcutta na kumrekodi Gauhar Jaan, mwimbaji aliyekuwa na sifa mji mzima. Nta zilizochorwa sauti yake zilisafirishwa hadi Hanover, zikakandamizwa huko, kisha sahani zikarudi India kuuzwa. Safari hiyo ndefu ilikuwa gharama na hatari, maana nta huyeyuka kwa joto na huota ukungu kwa unyevu. Ndiyo sababu mwaka 1908 kampuni ilifungua kiwanda Calcutta kwenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kikahamia Dum Dum, nje kidogo ya mji. Kwa Afrika Mashariki tarehe hiyo ya 1908 ina uzito kuliko tarehe yoyote ya London. Bahari ya Hindi ilikuwa sasa na kiwanda chake cha sahani, na jahazi na meli zilizoleta nguo na viungo pwani zilikuwa na kitu kingine cha kubeba.

Makampuni mengine hayakulala. Odeon ya Berlin ilikuwa imetoa sahani zenye nyimbo pande zote mbili mwaka 1904. Baidaphon, ya familia ya Beirut, ilirekodi Waarabu na kukandamizia sahani zake Berlin. Katika milima ya Uswisi, mji wa Sainte-Croix uliishi kwa kutengeneza visanduku vya muziki. Gramafoni ilipoviua visanduku hivyo, mafundi wa Paillard na Thorens waligeuza ujuzi wao wa springi na magurudumu madogo kuwa mota za gramafoni. Mota hizo ziliuzwa kwa watengenezaji wa nchi nyingi waliozifunga ndani ya makasha yao na kuyabandika majina yao. Sindano zilitoka Sheffield au viunga vya Nuremberg, katika vikopo vya bati vilivyopakwa rangi. Mika, jiwe linalochanika kuwa karatasi angavu, ndilo lililotetemeka ndani ya kisanduku cha sauti na kuugeuza mkwaruzo wa sindano kuwa sauti ya mtu, nalo kwa wingi lilitoka India. Kwa hiyo aliyenunua gramafoni Indian Bazaar ya Nairobi, mtaa tunaouita leo Biashara Street, alinunua kazi ya mabara mawili au matatu kwa mara moja.

Hapa Nairobi hadithi ya gramafoni inayosimuliwa ni moja tu. Ni ile ya shamba la kahawa chini ya Ngong, ambalo sasa ni mtaa wa Karen. Mwandishi Karen Blixen, mwenye shamba hilo, aliishi Kenya kuanzia 1914 hadi 1931, na rafiki yake Denys Finch Hatton ndiye aliyempa gramafoni. Filamu ya 1985 kuhusu maisha yake iliipeleka mashine hiyo porini ikawapigia nyani Mozart, na nyumba yenyewe, makumbusho tangu 1986, hupokea wageni wanaokuja na picha hiyo kichwani. Sina ugomvi na nyumba hiyo. Ila ndani ya kitabu cha Blixen mwenyewe kuhusu shamba hilo kuna jambo linalonivutia zaidi ya nyani: Kamante, kijana Mkikuyu aliyekuwa mpishi wake, alikuwa na kipande chake alichokipenda, sehemu ya polepole ya muziki wa Beethoven wa piano, na alijitahidi kumweleza bibi ni kipi hasa anachotaka kusikia. Alikuwa msikilizaji anayechagua. Watu wa aina yake walikuwa wengi kuliko vitabu vilivyowataja, na hawakuridhika kusikiliza tu.

Zanzibar ndiko mambo yalikogeukia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, mtoto wa watumwa, akauza vyungu alivyofinyanga mama yake kabla ya kujulikana kwa sauti. Taarabu ya majumba ya Sultani iliimbwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Mwezi Machi 1928 yeye na wenzake, miongoni mwao Mbaruk Talsam, Subeit bin Ambar na Buda bin Mwendo, walivuka bahari hadi Bombay kurekodi na kampuni ya chapa ya mbwa.

Fikiria chumba kile. Sahani ya inchi 10 ina nafasi ya dakika tatu hivi kila upande. Taarabu ni muziki wa usiku kucha: ubeti unarudiwa, msikilizaji anatunza, mpiga udi anajinafasi, mwimbaji anaitikia hali ya watu waliokaa mbele yake. Bombay hapakuwa na watu waliokaa mbele yake. Palikuwa na kipaza sauti, maana kufikia 1928 kurekodi kwa umeme kulikuwa kumeshaingia, nta iliyopashwa joto kidogo ili ilainike, na fundi aliyetoa ishara ya kuanza na ya kumaliza. Udi, fidla, tari na sauti ya mtu mzima aliyezoea kuimba hadi alfajiri vililazimika kuingia katika dakika hizo tatu. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na msikilizaji akawa anageuza sahani ndipo amalizie.

Sahani hizo zilirudi pwani na kupanda bara kwa treni. Mtu wa Pangani, Lamu, Tabora au Nairobi ambaye hangeweza kamwe kukaa barazani kwa Siti sasa alimsikia akiimba lugha yake, kutoka mashine ileile iliyozoea kupiga bendi za London. Siti alitangulia kutoka, na wengine wakafuata haraka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 Columbia, Odeon na Pathé nazo zilikuwa zikirekodi waimbaji wa Afrika Mashariki. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu, heshima ambayo wanamuziki wachache wa zama zake waliipata kutoka kwa mwandishi wa kiwango chake.

Kuna mkondo mwingine uliotoka mbali zaidi. Mwaka 1933 HMV ilianza mfululizo wa sahani uliojulikana kwa herufi GV, wenye muziki wa Kuba na Amerika ya Kilatini uliorekodiwa awali Marekani na kwingineko, na ikauelekeza katika masoko ya Afrika. Wimbo wa kwanza katika mfululizo huo ulikuwa El Manisero, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na bendi ya Don Azpiazú. Kongo waliupokea kwa mikono miwili. Rumba tuliyocheza Nairobi miaka 30 baadaye ilikuwa na asili yake katika mifereji ya sahani hizo. Midundo iliyotoka Afrika ndani ya meli za watumwa ilirudi ndani ya makasha ya shelaki.

Hata muziki wa kizungu wa mashambani uliota mizizi. Waingereza walileta Kenya sahani za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki 1933. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, akakuta wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya wakiimba wimbo wa mtu waliyemwita Chemirocha. Jina ni la Jimmie Rodgers, limelainishwa kwa ulimi wa Kikipsigis. Tracey aliandika kwamba katika maelezo yao Chemirocha alikuwa nusu mtu nusu swala. Sauti ya mwanamume asiyeonekana, ikitoka ndani ya sanduku, iliingizwa katika nyimbo za kienyeji na kupewa mwili. Naupenda wimbo huo kuliko karibu kila kitu kilichowahi kurekodiwa katika nchi hii, kwa sababu unaonyesha watu wakiifanyia gramafoni walichotaka wao.

Katika miaka ya 1940, kwa upande wa Nairobi, mashine ya kubebwa ndiyo iliyoshinda. Gramafoni kubwa yenye tarumbeta ya nje ilikuwa ya sebule zenye nafasi na meza imara. Dagoretti na Riruta wakati huo hazikuwa Nairobi. Zilikuwa sehemu ya maeneo waliyotengewa Wakikuyu chini ya wilaya ya Kiambu, na ziliingizwa ndani ya mipaka ya jiji mwaka 1963 tu. Umeme ulikuwa wa mitaa ya Wazungu na Wahindi. Redio ilihitaji betri ghali. Gramafoni ilihitaji mkono wa mtu na sindano. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia huko Burma walikuwa wameonja magitaa na muziki wa dunia, na Fundi Konde, mwana wa pwani aliyewatumbuiza askari vitani, alirekodi Nairobi nyimbo ambazo HMV ilizitoa kwa soko letu. Peter Colmore, aliyekuwa afisa katika kikosi cha burudani cha jeshi, akawa mtu wa kati baina ya wanamuziki hao na makampuni.

Kisha kiwanda chenyewe kikaja. Mwaka 1952, mwaka uleule wa kutangazwa Hali ya Hatari, kampuni ya East African Records ilianza Nairobi chini ya Otto Larsen, raia wa Denmark, na lebo yake ikaitwa Jambo. Sahani zikakandamizwa hapa hapa, na rekodi ya mwimbaji wa Nairobi haikuhitaji tena kuvuka bahari ili sauti yake iuzwe River Road. Katika miaka hiyohiyo ya Hali ya Hatari Wakikuyu wa Kiambu walikuwa wakihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na maelfu wakikamatwa mjini katika msako wa Aprili 1954. Mombasa, Assanand & Sons walikuwa na lebo yao ya Mzuri. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga ambaye Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, alikuja Nairobi mwaka 1959 kwa mwaliko wa Colmore, na vijana wa Magharibi mwa Kenya walikuwa tayari wanamjua kwa sahani. Baadaye shelaki nayo ikapitwa. Sahani ndogo za plastiki, zinazozunguka mara 45, zikachukua nafasi yake, na gramafoni za springi zikawekwa juu ya kabati.

Siku hizi gramafoni imerudi kama pambo, na hapa nataka kuwaonya wanaonunua. Mashine nyingi zenye tarumbeta ya shaba inayong'aa, kasha la pembe nane na beji ya mbwa hutengenezwa India kwa ajili ya watalii, mara nyingi kwa mota iliyong'olewa kwenye gramafoni kuukuu ya kubebwa. Ya kweli yenye tarumbeta ya nje kwa kawaida ina tarumbeta ya bati iliyopakwa rangi, au ya mbao, na mkono wake umeungwa kwa ustadi, hautikisiki hovyo. Shaba iliyosuguliwa hadi kung'aa, ya manjano kutoka mdomoni hadi shingoni, ni sababu ya kuuliza maswali kabla ya kutoa pesa. Sanduku jeusi lisilovutia, lililochubuka pembe, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa lilipiga Siti au Fundi Konde.

Ukiwa nalo, usilipigie sahani ya plastiki hata mara moja. Mkono wake mzito utaichimba. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja wa sahani, halafu inatupwa. Unga wa mawe uliomo kwenye shelaki unainoa ncha yake hadi ilingane na mfereji, na sindano iliyokwisha kunolewa, ikipelekwa kwenye sahani nyingine, inakata kingo za mfereji na kuifuta sauti.

Na sahani zenyewe zihesabiwe. Nyaraka za HMV zimehifadhiwa Hayes. Rekodi za Tracey ziko katika hifadhi aliyoianzisha mwaka 1954 nchini Afrika Kusini. Mwaka 2015 watu wa Ketebul Music ya Nairobi walishirikiana na hifadhi hiyo kurudisha wimbo wa Chemirocha kwa wazee wa Kapkatet waliouimba wakiwa vijana. Kazi kama hiyo inawezekana kwa mamia ya nyimbo nyingine, lakini inaanzia nyumbani kwa mwenye sahani. Kabla hujaiuza, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha na utazame eneo laini baina ya mwisho wa mifereji na karatasi ya katikati. Pale pamechorwa herufi na tarakimu ndogo, namba ya kalibu iliyoandikwa kwenye nta siku ya kurekodi. Namba ya katalogi iko kwenye karatasi, pamoja na jina la mwimbaji na, kwa maandishi madogo ya chini, nchi ilikokandamizwa. Andika yote hayo, piga picha pande mbili, na uwapelekee wanaotunza muziki wa nchi hii, hata kama sahani ina ufa.